Glavu ya Mbebaji wa Sita

Shangazi Lavīze alikuwa na jozi tano na nusu za glavu za mazishi yake mwenyewe, na ile nusu ndiyo iliyokuwa kichekesho cha kijiji kizima.

Huku kwetu nyuma ya kijiji cha Rucava, mwanamke anayejiheshimu hawaachii wengine kazi hiyo. Mvi zikishaanza kumwingia, anakaa karibu na jiko majira ya baridi na kuwafumia watu sita watakaobeba jeneza lake, kila mmoja jozi yake, awape asante mapema kwa kuwa siku yenyewe hataweza kufungua mdomo. Marehemu mama yangu alizimaliza zake akiwa bado anakamua ng'ombe. Akazifunga ndani ya shuka, na kila Pasaka akawa anazitoa nje zipigwe upepo, nondo wasizile. Lavīze naye alifuma jozi tano akazimaliza vizuri. Ya sita alimaliza glavu ya kulia tu. Ya kushoto aliianza kila vuli, akaifikisha katikati, na kabla theluji haijayeyuka alikuwa ameshaifumua yote, ameufua uzi na kuuning'iniza juu ya jiko unyooke.

"Haijaisha," alikuwa akisema kwa furaha kabisa. "Wakija kunichukua nitawaambia, ngojeni kwanza, mbebaji wa sita ana mkono mmoja mtupu. Watarudi walikotoka."

Mimi ni jirani yake. Nyumba zetu zinatazamana, njia tu ndiyo inayotutenganisha, na Mungu hakunipa ulimi wa kutulia mdomoni.

"Shangazi, mauti ina kazi nyingi. Haina nafasi ya kukaa kuhesabu glavu zako."

"Utajuaje wewe Herta? Umekunywa nayo chai?"

"Basi itakubeba na hizo tano. Wa sita atatia mkono mfukoni."

"Halafu jeneza lilale upande, nimwagike mbele ya mchungaji? Thubutu!"

Tulikuwa tukicheka mpaka machozi, na Vizma alicheka kutushinda sote. Vizma alikuwa binti yake, mtoto wa pekee. Alifanya kazi kwenye kiwanda cha maziwa huko mjini Liepāja, na kila Jumamosi alishuka basi pale njia panda na mfuko wa mkate, dawa ya magoti ya mama yake, na maneno ya wiki nzima. Mume hakuwa naye, wala hakuonekana kumtafuta. Alikuwa mrefu, mwenye sauti kubwa na viatu vikubwa, akiingia ndani vikombe vinagongana kabatini. Nilimpenda sana yule binti. Ninalisema wazi kwa sababu alipokuwa hai nilikuwa namwambia tu apunguze kelele.

"Mama, ukifa nitaimalizia mimi hiyo ya sita," alikuwa akimtania.

"Wewe? Wewe ukishika sindano ni kama kuku anaparua mchanga. Mbebaji atavaa kitu hicho, watu watadhani ameumia mkono."

Ilikuwa kweli, Vizma hakuweza kufuma hata skafu ya kumfunga paka. Na glavu za huku si kitu cha kubahatisha. Vidole vinne vinakaa chumba kimoja, gumba chumba chake, hilo kila mtu analiweza. Kazi ni pale kwenye kifundo cha mkono. Kwanza unasuka msuko unaozunguka, nyuzi mbili za rangi mbalimbali unazipishanisha mbele ya sindano kila kitanzi, na kila ukizunguka mara moja nyuzi zinajisokota mpaka huwezi kuzivuta, inabidi usimame uzisokotoe. Halafu yanafuata matamvua. Kila tamvua unalizungusha kidoleni, unalishika kwa kitanzi chake, unalikaza, ndipo uende la pili. Nyekundu, kijani, njano, zambarau. Safu ya matamvua, safu tupu ya kuyashikilia, tena matamvua. Unafuma tangu asubuhi mpaka mchana, ukiangalia umepata kitu cha upana wa vidole viwili. Lakini ikiisha, kifundo kimejaa rangi kama bustani ya mwezi wa Juni, na ukikipitisha shavuni kinakukuna vizuri.

Lavīze ndiye aliyekuwa fundi wa matamvua kuliko wote. Mwaka ule alikuwa ameifumua ile glavu ya kushoto mapema kidogo. Uzi wake ulikuwa unaning'inia juu ya jiko, bado una unyevu, siku ile nilipoingia kumwambia.

Simu ilipigwa kwetu kwa sababu yake ilikuwa imekatika tangu upepo wa Januari. Mume wangu, Vilis, ndiye aliyepokea. Alisikiliza, akasema "ndiyo", akasema tena "ndiyo", kisha akaweka simu chini na kunieleza. Ilikuwa Jumatano asubuhi. Mshipa ulikuwa umepasuka kichwani mwa Vizma akiwa anavaa koti la kazi, na alipofika hospitali hakuwa na uhai. Alikuwa na miaka arobaini na miwili.

Nilivuka njia bila koti la baridi. Lavīze alikuwa anamenya viazi. Nilikuwa nimepanga maneno, mimi mwenye maneno mengi, na yote yakanikimbia pale mlangoni.

"Shangazi, kaa chini."

"Nimekaa, huoni?"

"Ni Vizma."

Akaendelea kumenya kile kiazi mpaka kikaisha. Ganda lilitoka refu, zima, halikukatika. Akaliweka pembeni.

"Yuko hospitali gani?"

"Shangazi, hayupo tena. Amefariki."

Hakulia. Alinitazama kama mtu anayesubiri umalize mzaha ili naye acheke. Nilipoanza kulia mimi ndipo uso wake ulipobadilika, akageuka polepole na kuutazama uzi ule juu ya jiko. Neno lake la kwanza nalikumbuka mpaka leo.

"Hana glavu," alisema. "Mtoto wangu hana glavu hata moja."

Nani anafuma glavu za mazishi akiwa na miaka arobaini na miwili? Hakuna. Mtu wa umri ule akifa, mama yake ndiye anayezitoa, na kama mama hana, nyumba inakusanya wanawake wake, wanafuma haraka. Nyumba ile haikuwa na mwanamke mwingine. Lavīze alifungua sanduku, akatoa zile jozi tano alizojifumia mwenyewe, akazipanga mezani, na ile ya kulia ya jozi ya sita akaiweka peke yake mwishoni. Kisha akasimama juu ya kiti, na magoti yale, akaushusha uzi.

Mazishi yalipangwa Jumamosi. Vizma aliletwa nyumbani Alhamisi, akalazwa ghalani kama tunavyolaza watu wetu, na Lavīze alikwenda kumwangalia, akarudi, akaketi, akashika sindano.

"Nipe mimi," nilimwambia. "Mimi nafuma upesi. Wewe vidole vyako vimevimba, hata kijiko unakishika kwa shida."

"Mkono wako ni wa nyumba yako."

"Basi nina jozi nzuri sandukuni. Mpya kabisa, haijavaliwa. Nakupa."

"Mtoto wangu atoke kwao kwa kitu cha kuazima? Herta, kama umekuja kunisaidia, menya vile viazi. Kama hutaki, nenda kwako."

Nikamenya viazi. Mimi si mtu wa kuamrishwa, Vilis atakwambia, lakini siku ile nilimenya. Nilijua anavyoona. Watu sita wanaingia mlangoni, kila mmoja anapewa jozi yake, wanavaa, ndipo jeneza linainuliwa. Hakuna jeneza lililowahi kutoka kijijini kwetu likishikwa na mkono mtupu, na asingekubali la Vizma liwe la kwanza.

Alifuma Alhamisi nzima. Msuko wa chini ulimpotea mara kadhaa. Nyuzi zilijisokota, akaziachia zijisokotoe, donge la uzi likazunguka hewani mbele ya magoti yake huku yeye akilitazama kama amesahau ni la nini. Matamvua ndiyo yaliyomtesa. Tamvua linataka kidole kinachokunjika, na vyake vilikuwa havikunjiki, kwa hiyo uzi uliteleza kabla hajaukaza, akaanza upya. Mara nyingine nilimsikia akinong'ona rangi, nyekundu, kijani, njano, zambarau. Nilimwekea mkate na ile siagi nyeupe ya kwetu yenye vitunguu saumu, akaila nusu, nusu nyingine ikakauka sahanini.

Ijumaa akaja Alvīne. Alvīne anaishi karibu na kanisa na anajua mambo ya kila nyumba kuliko wenye nyumba. Alileta maandazi ya nyama, alilia vizuri pale mezani, akamshika Lavīze bega. Kisha akanivuta jikoni, na sauti yake ni ile ya watu wanaonong'ona ili wasikike.

"Ndiyo hayo, Herta. Tulikuwa tunacheka tu. Mauti huifungii mlango. Ukiifungia huu, inapita ule."

"Unasema nini wewe?"

"Si mimi ninayesema. Watu wanasema. Alikuwa na zamu yake, akawa anaifumua kila mwaka. Sasa imekwenda kwa nani?"

Nilimrudishia bakuli lake na maandazi yakiwa bado ndani. "Chukua vyakula vyako uwapelekee hao watu wanaosema. Toka!"

"Mimi nimekuja kwa wema."

"Basi toka kwa wema!"

Akatoka, na alipofunga mlango niligeuka nikamwona Lavīze amelaza kazi mapajani. Sindano tano zilikuwa zimesimama kila upande na mikono imelala juu yake tu. Alikuwa amesikia kila neno.

"Amesema kweli," alisema.

"Alvīne hajasema kweli tangu abatizwe."

"Nilikuwa namcheka Mauti, Herta. Mwaka baada ya mwaka. Naifumua namcheka. Nikisikia uzi unafumuka kwenda, trrr, trrr, nafurahi kama mtoto aliyeiba sukari. Nasema, haya, njoo tena mwaka kesho." Alipangusa pua kwa nyuma ya mkono. "Naye akaja. Akanikuta nimekaa na jozi tano na nusu, akasema, bibi huyu hayuko tayari. Akaenda kumtafuta aliyeko karibu."

"Shangazi, ni mshipa. Daktari amesema ni mshipa. Ungeweza kupatwa wewe, ningeweza kupatwa mimi, angeweza kupatwa huyo Alvīne na ningepika keki."

Nilidhani atacheka. Siku zote hilo lingemchekesha.

"Ningeimaliza," alisema. "Ningeimaliza mwaka ule nilioianza, ingenichukua mimi, yeye angekuwa anashuka basi kesho."

Nilikasirika. Hasira ndiyo niliyozaliwa nayo, na nikihuzunika inatoka hiyo kwanza. Nilimwambia kwa ukali kwamba mama yangu alizimaliza zake na akaishi mpaka akachoka, na kwamba mtoto wa mpanda farasi mmoja kule mtoni alikufa na bibi yake hana glavu hata moja wala hajawahi kushika sindano, na kwamba kama mauti ingekuwa inasoma glavu wanaume wasingekuwa wanakufa. Nilisema mengi. Yote yalikuwa ya kweli na hayakumsaidia hata kidogo. Alinisikiliza kwa adabu, kama unavyomsikiliza mgeni anayeeleza njia ya kwako, halafu akashika tena sindano. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Mimi sikujaliwa mtoto, nikarudi kwenye sufuria.

Jioni ile kifundo kilikuwa kimekamilika na kiganja kimeanza kupanda, mistari na nyota zake, na Jumamosi tulipoamka mkono mzima ulikuwa umefungwa juu. Kilichobaki ni kidole gumba. Gumba ni kazi ndogo. Unaokota vitanzi ulivyoviacha vinasubiri, unazunguka navyo mpaka kucha inafunikwa, unapunguza, unapitisha uzi kwenye vya mwisho na kuvuta. Nilipokwenda nyumbani kubadilisha nguo alikuwa ameshafika usawa wa kucha. Nilivuta pumzi, nikasema afadhali.

Niliporudi uani palikuwa pamejaa. Matawi ya misonobari yalikuwa yametandazwa juu ya theluji kuanzia mlango wa ghala mpaka njiani. Wabebaji watano walikuwa wamevaa, matamvua ya rangi yanatokeza kwenye mikono ya makoti meusi, nao wamesimama wanayatazama kwa haya kidogo, wanaume wazima. Vilis ndiye alikuwa wa sita. Alivaa ya kulia, ya kushoto hakuwa nayo. Mchungaji alikuwa anatazama saa yake, anaificha, anaitazama tena.

"Bado?" niliuliza.

"Ametwambia haijaisha," alisema Vilis.

Nikaingia. Lavīze alikuwa ameketi palepale, amevaa nguo nyeusi, kitambaa kimefungwa vizuri kichwani, na glavu iko mkononi mwake vilevile nilivyoiacha. Gumba liko wazi kwa juu. Vitanzi vinane vimekaa juu ya sindano tatu, uzi umeshakatwa, umeshatungwa kwenye sindano ya kushonea. Palibaki kupitisha na kuvuta. Kazi ya kukohoa mara moja.

"Shangazi, watu wanangoja."

"Haijaisha."

"Nimeiona. Imebaki kuvuta uzi tu. Vuta."

"Haijaisha, Herta."

"Vidole vimekataa? Nipe nikuvutie."

Akaikumbatia kifuani kwa nguvu mpaka sindano zikamchoma shingoni. "Usiiguse!"

Ndipo nilipoelewa, nikakaa juu ya kiti cha kukamulia. Ilikuwa ni ileile. Kwa miaka yote hiyo alikuwa amesema, haijaisha, siendi. Sasa alikuwa anasema, haijaisha, haendi. Maadamu lile gumba liko wazi, jeneza halitoki, na jeneza lisipotoka Vizma yuko kwao, ng'ambo ya ua, katika ghala lao. Angekaa hivyo mpaka usiku. Angekaa mpaka kesho. Na mimi, ambaye nilimtukana Alvīne na kumfundisha bibi wa watu habari za mishipa, nilikaa palepale nikalia.

Mlango ukafunguliwa na Vilis akaingia. Mume wangu ni mtu wa msituni, siku nzima na misumeno na farasi, anaweza kumaliza wiki kwa maneno yanayoenea kwenye kikombe. Alijipangusa theluji kwenye viatu, akavua kofia, akavuta kiti na kuketi mbele ya Lavīze, magoti yao yakakaribia kugusana. Akauweka mkono wake wa kushoto juu ya mapaja ya bibi, kiganja kikitazama juu.

"Nivalishe, shangazi."

"Haijaisha, mwanangu."

"Naona. Nivalishe hivyohivyo."

Lavīze aliutazama mkono ule. Ulikuwa mwekundu kwa baridi, na ukucha wa gumba ulikuwa mweusi, gogo lilimwangukia kabla ya Krismasi. Akamvalisha. Alifanya taratibu, akizivuta sindano pembeni zisimchome, akayalaza matamvua vizuri kuzunguka kifundo. Gumba likatokeza kwa juu na ukucha wake mweusi, katikati ya zile sindano tatu. Lilichekesha, na hakuna aliyecheka.

"Nimepita ghalani sasa hivi," Vilis alisema. "Kuna baridi sana mle, shangazi."

Bibi akalinyoosha tamvua moja.

"Ubao wa ukuta umeganda barafu kwa ndani. Nimeuona." Vilis akaiweka kofia gotini. "Yuko peke yake mle."

"Hajawahi kupenda baridi," alisema Lavīze. "Akija hapa alikuwa anakaa kwenye jiko kabisa. Mgongo kwenye vigae vya moto. Nasema utaungua, anasema acha niungue."

"Ndiyo."

"Nasema utaungua, wewe mtoto."

"Ndiyo, shangazi."

Alilia hapo. Tangu Jumatano hakuwa amelia, na sasa alilia kwa sauti iliyowanyamazisha wote nje, nikasikia mpaka farasi wa mchungaji akitafuna lijamu. Vilis hakumshika wala hakumbembeleza. Aliuacha tu mkono wake pale alipouweka. Na Lavīze, huku analia, haoni vizuri, akaishika sindano ya kushonea na kuanza kupitisha uzi kwenye vitanzi, kimoja, kingine, akiitoa kila sindano ya kufumia na kuiachia ianguke sakafuni. Alipofika cha mwisho alisimama. Alikizungusha kidole chake kilichovimba juu ya ule ukucha mweusi, mara moja, kama anaupima. Akavuta. Gumba likafungwa. Akautia uzi kwa ndani, akaikata ncha kwa meno, akainuka.

"Twende," alisema. "Anapata baridi."

Lakini mkono ule hakuuachia. Vilis alishika jeneza kwa mkono wa kulia, upande wa kushoto, nyuma, na Lavīze akatembea pembeni yake ameyashika matamvua ya glavu mpya kwa vidole vyote. Desturi inasema ndugu hawabebi, wanafuata nyuma. Alvīne alifungua mdomo aseme, nikamtazama, akaufunga. Mchungaji naye aliona na hakusema kitu, na kwa hilo nilimsamehe ile saa yake. Tulikwenda hivyo njia nzima, juu ya matawi, kisha juu ya theluji, mpaka kilimani kwenye misonobari ambako mchanga ulikuwa umeshachimbwa. Hatua za wabebaji zilikuwa ndefu kwake. Walizifupisha bila kuambiana.

Kaburini wimbo uliimbwa, maneno yakasemwa. Kisha watano wakaokota kamba zao na kusubiri. Vilis alikuwa ameshika ya kwake kwa mkono mmoja.

"Shangazi," alisema kwa sauti ya chini. "Naihitaji mikono yote miwili."

Lavīze alimtazama usoni. Akaitazama glavu, matamvua yamelala upande mmoja alipokuwa ameyabana. Tulisubiri sote. Niliogopa kwamba nitalazimika kwenda kuvibandua vidole vile mimi mwenyewe, kimoja kimoja, na nilijua nisingeweza.

"Mshushe taratibu," alimwambia. "Tangu mdogo anaogopa kuning'inia."

"Nitamshusha taratibu."

"Ukimshtua atapiga kelele."

"Sitamshtua, shangazi."

Akauachia mkono. Vilis akaikamata kamba kwa mikono yote miwili, wakainama wote sita kwa pamoja, na wakaanza kumshusha.